Somo la Sita: Darasa Laandika Tovuti Yake

Nyinyi mlioko Tandale na Mwananyamala, nanyi wa Tandika na Mbagala, sogeeni karibu na redio, na kila kikundi kiwe na daftari na kalamu. Leo tutaeleza jinsi darasa zima linavyoweza kuandika habari za mtaa wake na kuziweka katika tovuti, yaani kurasa ambazo mtu yeyote aweza kuzisoma kwa simu au kompyuta, awe Kinondoni au Muscat.

Pengine mtauliza: kazi hii ina faida gani? Tazameni mfano wa Tandale. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walipita vichochoroni pamoja na wakazi, wakaandika vitu vilipo: maji, vyoo, mitaro, njia. Habari hizo wakazitia katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo watu wengi huichora na kuisahihisha kwa pamoja. Desemba mwaka ule ule mafuriko makubwa yaliipata Dar es Salaam, na watu wakapoteza maisha. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, ambao nao uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora ramani za kata zenye hatari ya mafuriko. Wanafunzi walijua kutumia vyombo. Wakazi ndio waliojua maji hupita wapi. Kila upande ulihitaji mwenzake, na darasa lenu litakuwa vivyo hivyo.

Sasa tuzitazame hatua za kazi.

Kwanza, chagueni jambo moja. "Mtaa wetu" ni jambo kubwa mno. "Mto Ng'ombe wakati wa masika" lafaa. Wa Temeke waweza kuchagua soko la Tandika.

Pili, gawaneni kazi. Tuseme darasa lina watu 20. Fanyeni vikundi 4 vya watu 5, na kila kikundi kipewe ukurasa mmoja: mto wenyewe, vivuko na njia, biashara za kandokando, na kumbukumbu za wazee. Katika kila kikundi watatu waandike, mmoja apige picha, na mmoja awe msahihishaji. Wasahihishaji wote wanne wakutane kila juma. Maana kikundi kimoja kikisema "mtaro" na kingine "mfereji" kwa kitu kile kile, msomaji atadhani ni vitu viwili.

Tatu, andikeni kwanza katika daftari. Bando la simu ni fedha, na daftari halimalizi bando. Kisha mwandishi asome kwa sauti, na wenzake waulize: Nani aliona? Lini? Wapi? Unajuaje? Mathalani, mmoja ameandika, "Maji hufurika sana." Baada ya maswali ataandika hivi: "Mwezi Aprili maji yalifika kizingiti cha mama ntilie aliye karibu na kivuko, naye hakupika siku mbili." Sentensi hii yaweza kupelekwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, naye hatauliza "sana" ni kiasi gani.

Nne, sahihishaneni bila ugomvi. Mtu huona uchungu maneno yake yakifutwa. Njia njema ni ile ya Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Humo kila badiliko huhifadhiwa pamoja na maandishi ya kwanza, na anayesahihisha aweza kuandika sababu yake. Likiharibika neno, la zamani hurudishwa. Nanyi msichane karatasi ya kwanza. Itieni tarehe na kuiweka.

Tano, itunzeni tovuti. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa nywila iko kichwani mwa mtu mmoja, naye akahamia Chanika na kubadili namba ya simu, kazi ya watu 20 imefungiwa ndani. Basi wawili waijue, na mwalimu aifungie katika bahasha. Kadhalika, kama jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, amueni sasa nani atalipa darasa likiisha.

Hapana budi kutaja sheria pia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yahusu hata habari za uongo. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizotungwa upya mwaka 2020, zilihusu leseni za watoao habari mtandaoni. Mwaka 2022 ikapitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kabla ya kufungua tovuti, mwalimu aende kuuliza Mamlaka ya Mawasiliano ni lipi latakiwa.

Lakini hata pasipo sheria, mkumbukeni yule mama ntilie. Mkiandika kwa haraka kwamba maji machafu yaliingia jikoni mwake, wateja watamkimbia, na watoto wake ndio watakaolala njaa. Nendeni kwake. Semeni, "Shikamoo mama, tumeandika habari zako, tunaomba utusikilize." Msomeeni sentensi yenyewe. Akikataa, iondoeni. Akisema maji yalifika hata juu ya meko, mmepata habari mpya, na ukurasa wenu umezidi kuwa wa kweli.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Ni jambo gani moja la mtaa wenu ambalo wageni hawalijui, nalo lafaa kuandikwa?
2. Nani katika kikundi chenu angefaa kuwa msahihishaji, na kwa nini?
3. Andikeni sentensi moja yenye neno "sana". Kisha iandikeni tena bila neno hilo.

Juma lijalo tutajifunza kumhoji mzee na kuandika maneno yake kama alivyoyasema. Kwa herini, ndugu wasikilizaji.