Swali la Kinshasa, dawati la Makere

Mwalimu wa darasa la saba Kasulu mjini anajua pa kushika. Muhtasari umeandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, fomati ya mtihani inatoka Baraza la Mitihani, na baada ya matokeo Baraza huchapisha uchambuzi wa majibu: swali hili limetoka mada fulani, watahiniwa wamekwama hapa. Swali likitoka nje ya muhtasari, ana ushahidi mkononi.

Toka mjini uelekee Makere, kwenye kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo. Huko watoto husoma mtaala wa kwao, kwa Kifaransa, hadi mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari ambao Wakongo huuita Exetat. Nduta, wilayani Kibondo, kambi iliyofunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi, nako shule zilifuata mtaala wa Burundi. Hoja ilikuwa moja: mtoto aandaliwe kurudi kwao.

Sasa tazama karatasi ya maarifa ya jumla ya Exetat, ambamo jiografia na uraia huulizwa. Mwaka 2015 majimbo ya Kongo yaligawanywa, yakatoka 11 hadi 26. Mtungaji wa Kinshasa ana kila haki ya kuuliza hayo 26. Lakini mtoto aliyezaliwa Nyarugusu, ambaye Kongo hajawahi kuikanyaga, akisomea kitabu cha kabla ya mwaka huo, kurasa zimelegea kwa kupita mikono mingi, atajaza 11 bila wasiwasi wowote. Amekosa. Ukilipima swali kwa muhtasari, ni halali kabisa. Ukimuuliza mtoto, amejibu alichofundishwa.

Hili linaniuma. Tukijadili mitihani tunamkagua mtungaji peke yake: je, amefuata muhtasari? Hatuulizi kama muhtasari wenyewe ulifika darasani, na ulifika lini. Wala si kambini tu. Shule ya kijijini yenye walimu wachache inaweza kuzigusa mada za mwisho juu juu mwezi Agosti, na Septemba watoto wakaketi kwenye mtihani uleule wanaoufanya wenzao wa Dar es Salaam.

Muha wa Kibondo na Mrundi huelewana bila mkalimani, maana Kiha na Kirundi ni lugha za jirani sana. Shule ndiyo inayowatenganisha: huyu kidato cha kwanza anaingia kwenye Kiingereza, yule yuko kwenye Kifaransa, na kila mmoja anabeba cheti ambacho mwajiri wa upande wa pili hakijui.

Sidai watoto wa kambini watungiwe maswali mepesi. Hilo lingewadhalilisha, na cheti chao kingedharauliwa siku wanayokihitaji. Ila kama karatasi ya mtihani inaweza kuvuka mpaka, basi muhtasari mpya na vitabu vyake navyo vivuke, tena mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na walimu wa kambini wapewe mafunzo ya mabadiliko hayo kabla ya wanafunzi kutahiniwa.