Makala Hutoka, Kifaa Husubiri

Andiko la mradi wa utafiti unaowakutanisha madaktari na wahandisi huwa na ahadi mbili. Ya kwanza ni maarifa: makala kadhaa katika majarida, pamoja na wanafunzi wa uzamili na uzamivu watakaohitimu. Ya pili ni kifaa kitakachofanya kazi wodini. Zote mbili huandikwa kwa nia njema, ila ni ya kwanza tu inayopewa tarehe ya mwisho yenye meno.

Sababu iko kwenye vipimo. Mtafiti hupandishwa cheo kwa makala zake na idadi ya mara ambazo wenzake wamezinukuu. Kipimo kimoja kinachotumika sana, kilichopendekezwa mwaka 2005, huhesabu hivi: mwenye alama 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Ni hesabu rahisi na ina manufaa yake, kwani huonyesha kama wengine wamekuta cha kujengea juu ya kazi yako. Lakini tiba ina watafiti wengi na hunukuu sana. Uhandisi hunukuu kidogo, na kazi zake nyingi huishia katika vitabu vya mikutano. Mtu mmoja anayefanya kazi pande zote mbili hujikuta akivutwa upande wenye alama. Tena alama hiyo haishuki kamwe, hata kifaa kilichoizaa kikiwa kimefungiwa stoo.

Chukua taa ya kutibu manjano kwa watoto wachanga. Mwanga unaofaa ni wa buluu, wa takriban nanomita 460 hadi 490. Kuunda taa ya kwanza si kazi ngumu mno, na majaribio yakienda vizuri makala hupatikana. Kazi nzito huanza baadaye. Nguvu ya taa hupungua kadiri saa za matumizi zinavyoongezeka, na jicho halioni tofauti: muuguzi anaona buluu ileile, mtoto anapata dozi ndogo. Ndiyo maana wodi inahitaji kifaa cha kupima mwanga. Bajeti inapobana, kipimo hicho huwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kukatwa, kwa kuwa makala inaweza kuandikwa kwa kipimo kimoja kilichobaki maabara.

Mengine yanayobaki nyuma yanafahamika: maelezo ya matumizi kwa Kiswahili, spea, mafunzo kwa fundi wa vifaa tiba, na usajili kwa mamlaka inayodhibiti vifaa hivyo. Hakuna hata kimoja kinachonukuliwa. Sisemi watafiti hawajali. Wengi wao hurudi wodini kwa nauli yao wenyewe, mradi ukiwa umekwisha kufungwa.

Gharama nazo hupanda kwa njia ambazo kwa sehemu kubwa zingeweza kuonekana mapema. Kibali cha maadili hupangiwa miezi michache, na kila swali la kamati husogeza ratiba huku mishahara ya wasaidizi ikiendelea. Mzigo ukikwama bandarini, tozo za kuhifadhi huongezeka kila siku. Bajeti iliyoandikwa kwa shilingi hununua vipuri kwa dola. Mwishoni kuna ada ya uchapishaji: majarida mengi yanayomruhusu kila mtu kusoma bure humtoza mwandishi. Ada hiyo isipolipwa, makala huweza kufungwa kwa malipo, na hospitali iliyotoa wagonjwa na takwimu ikatakiwa kulipia ili isome matokeo yake yenyewe. Hili linaniudhi kuliko ucheleweshaji wowote.

Kwa hiyo neno "umekamilika" katika ripoti ya mwisho linahitaji kusomwa taratibu. Kwa mfadhili, lina maana kwamba fedha zimetumika na hesabu zimefungwa. Kwa chuo, makala zimetoka. Muuguzi wa zamu ya usiku anataka kujua kama taa inawaka, kama dozi inatosha, na nani wa kumpigia simu ikizimika.

Ningependa andiko la mradi liwe na mstari mmoja zaidi kwenye ratiba, wenye fedha zake na jina la anayewajibika: mwaka mmoja baada ya kufunga, mtu arudi wodini na kipimo cha mwanga, apime kila taa, na matokeo yake yawekwe wazi pamoja na orodha ya makala.