Miti Shamba na Huzuni Isiyokwisha

Leo tuzungumze juu ya huzuni inayopita wiki mbili. Usingizi umekimbia, chakula hakina ladha, hata mtoto wako mchanga humfurahii. Huku kwetu Malindi na Kilifi watu husema, "Anafikiri sana." Huo ni ugonjwa, tena unatibika.

Wengi huanza na mwarobaini, kombe au mafusho. Faida ipo: mgonjwa hukaa na watu, husikilizwa, huombewa. Hilo lenyewe hutia moyo. Lakini mwarobaini haujathibitishwa kutibu huzuni, na mafuta yake yamewahi kuwadhuru watoto wachanga walionyweshwa. Usimpe mtoto.

Uko pia mmea wa Ulaya uitwao St John's wort. Huenda ukaletewa vidonge vyake na jamaa aliye ng'ambo. Utafiti umeonyesha unasaidia huzuni isiyo kali sana. Hata hivyo, hupunguza nguvu za tembe za kupanga uzazi, kijiti cha mkononi na baadhi ya dawa za ARV. Ukichanganywa na dawa za huzuni za hospitali, waweza kuleta mtetemeko na homa kali, hata kuhatarisha maisha.

Kwa hivyo mama, ukienda kliniki, mwambie muuguzi kila unachokunywa. Usione haya. Ukipewa dawa ya huzuni, usiiache ghafla. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake.

Na ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje miti shamba. Mwambie mtu akupeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Tukutane kipindi kijacho.