Mizani gani inasema kweli?

Gunia moja la madini likipimwa huku kilo 50, na kule kilo 40, mara moja watu wanauliza: mizani gani inasema kweli? Vijana, wenye sayansi nao walikuwa na mabishano ya namna ile, tena makubwa kushinda.

Gazi ikipigwa na umeme mkali, elektroni zinatoka katika atomi zake. Kinachobaki kina umeme wa alama ya +, nacho kinaitwa ioni. Mchanganyiko huo ndiyo plasma. Tunaiona katika radi, na katika mwangaza mkali wa fundi anayeunganisha vyuma kwa umeme.

Lakini elektroni inapenda kurudi. Ikiingia katika ioni ya molekuli, nguvu inayotoka ni nyingi, na molekuli inapasuka vipande. Swali ni hili: inafanyika kwa mbio gani?

Ioni iliyoleta mabishano ni H3+, yaani atomi 3 za hidrojeni pamoja. J. J. Thomson aliigundua Uingereza mwaka wa 1911. Mwaka wa 1996 ilionekana mbali sana, katika mawingu baridi yaliyo kati ya nyota. Kule inafungua njia ya kutengenezwa kwa molekuli nyingine, hata maji. Basi, asiyejua inakufa kwa mbio gani hawezi kufanya hesabu ya mawingu yale.

Tangu mwaka wa 1949 watu walijua njia moja: kuwasha plasma ndani ya chupa, kuizima, halafu kuangalia elektroni zinavyopunguka. Lakini juu ya H3+ vipimo havikupatana. Kimoja kilishinda kingine zaidi ya mara 1000! Sababu? Katika chupa ioni za namna nyingine zinajichanganya. Tena ioni yenye moto inatetemeka, haiko sawa na ile ya baridi ya mbinguni.

Ndipo ilikuja njia nyingine. Kule Stockholm, nchi ya Sweden, kulikuwa mashini CRYRING: bomba la mviringo, mzunguko wake karibu metre 50, limetolewa hewa. Ioni zinazunguka ndani, sumaku zinazikunja kama reli inavyokunja wagoni. Mahali fulani elektroni zinatembea pamoja nazo kwa mbio ileile. Ioni ikipokea elektroni, umeme wake unakwisha. Sumaku haiishiki tena. Vipande vinakwenda moja kwa moja na kugonga kihesabio. Kila mgongo ni hesabu moja.

Mwaka wa 2003 wataalamu wa Marekani na Sweden walipoza ioni kwanza, kisha wakapima. Jibu: H3+ inakufa upesi. Lakini katika wingu moja upande wa nyota Zeta Persei ilionekana nyingi. Kumbe kitu kinaitengeneza kwa wingi: miali inayotoka angani inavunja hidrojeni pale kwa mbio mara 40 kuliko walivyodhani mbele.

Leo kule Heidelberg, Ujerumani, kuna mashini CSR, yenye mzunguko wa metre 35, inayopozwa chini ya digri −260.

Ndugu msomaji, mizani mbaya haiharibu gunia moja tu. Inaharibu kila hesabu inayofuata.