Barua ya Benki Isifichwe: Namna ya Kuomba Mkopo Upangwe Upya



Kuanzia Kibirizi hadi Katonga na Ujiji zipo familia zilizokopa kwa kuweka nyumba rehani. Fedha hizo zilinunua nyavu, injini, au mtaji wa kuanika dagaa. Rejesho linadaiwa kila mwezi kwa kiasi kile kile, lakini ziwa halitoi hivyo. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wa dagaa hubaki nchi kavu. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Familia inayoishi kwa dagaa ikawa na marejesho matatu ya kulipa bila mapato yake ya kawaida.

Hapo ndipo wengi hukosea. Huona aibu, huzima simu, na barua ya benki hufichwa chini ya godoro. Mwenzi na watoto hujua habari siku dalali anapobisha hodi.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho yake ya 2004 na 2008, haimruhusu mkopeshaji kuuza nyumba iliyowekwa rehani kwa ghafla. Ni lazima kwanza ampe mdaiwa notisi ya maandishi inayoeleza kasoro ya malipo, na mdaiwa ana siku 60 tangu aipokee. Siku hizo zikipita, deni lote linaweza kudaiwa kwa mara moja. Pia nyumba wanamoishi wanandoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Ikifika mnada, dalali anatakiwa kuutangaza kwa angalau siku 14, na mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei nzuri inayowezekana.

Kwa hiyo siku 60 ni za kufanya kazi, si za kujificha. Afadhali zaidi kwenda kabla hata notisi haijaandikwa.

Hatua za kufuata

1. Kusanya mkataba wa mkopo, risiti zote za marejesho na barua ulizopokea.
2. Andika mapato na matumizi ya kweli ya mwaka mzima, pamoja na miezi ya ukame wa samaki.
3. Peleka barua ya maombi kwa meneja, si kwa afisa mikopo kwa mdomo tu. Eleza sababu, na utaje kiasi unachoweza kulipa na tarehe zake. Baki na nakala iliyogongwa muhuri.
4. Omba jambo mahususi: muda uongezwe, faini ipunguzwe, au miezi ya kufungwa ziwa ulipe riba pekee.
5. Makubaliano yawe ya maandishi, na mwenzi awepo.

Mkopeshaji halazimiki kukubali. Lakini mnada nao una gharama kwake, na mteja anayelipa kidogo kidogo mara nyingi ana faida kuliko nyumba isiyo na mnunuzi.

Nafuu hii ina bei yake. Tuchukue mfano wa deni lililobaki la Sh. 3,500,000, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi juu ya salio. Kwa miezi 14, mkopaji hurejesha Sh. 250,000 za deni kila mwezi, na riba yote ni Sh. 525,000. Muda ukifanywa miezi 28, rejesho la deni hushuka hadi Sh. 125,000, lakini riba yote hufikia Sh. 1,015,000. Basi ombeni muda unaotosha, si mrefu kupita kiasi.

Benki ikikataa kusikiliza malalamiko, Benki Kuu ya Tanzania ina dawati la kuyapokea.

Kazi ya kamati

Kamati haina haja ya kulipa deni la mtu. Mchagueni mjumbe mmoja mtunza siri, anayeweza kusoma mkataba na kumsindikiza mwenye shida hadi kwa meneja. Kwa wafadhili wetu, mafunzo ya wajumbe kama hao ni gharama ndogo kuliko kujengea upya familia iliyopoteza paa lake.

Anayedaiwa asiachwe peke yake na barua yake.