Wagika na Wagalu: Ngoma ambayo hakimu wake ni umati

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

MAVUNO yanapokwisha Usukumani na kiangazi kuanza, huingia msimu wa mbina, yaani ngoma. Katika Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na kufanya makao yake makuu Bariadi, kama ilivyo Mwanza na Shinyanga, wachezaji hugawanyika katika vyama viwili vyenye ushindani wa tangu karne ya 19: Wagika na Wagalu.

Vyama hivyo vinatokana na waasisi wawili, Ngika na Gumha, ambao simulizi za Wasukuma huwataja kuwa waganga waliobishana juu ya nani mwenye dawa kali zaidi. Ubishi huo ulimalizwa uwanjani, na utaratibu wake haujasahaulika. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, yakitenganishwa na nafasi ndogo tu. Mtazamaji huenda anakovutiwa, na kundi lenye umati mkubwa ndilo mshindi.

Hapo ndipo ulipo uchangamfu wa ngoma hizi. Manju, ambaye ndiye mtunzi na kiongozi wa kundi, hana nafasi ya kupumzika, kwa kuwa watu wakichoka watahamia kwa mpinzani. Kwa sababu hiyo wachezaji huruka, hutikisa mabega na kukanyaga ardhi hadi njuga za miguuni ziitike. Wapo wanaotoa sanamu za mbao au kucheza na chatu, ili mradi jicho la mtazamaji lisibanduke.

Bugobogobo, ngoma ya majembe, huonyesha asili ya nguvu hizo. Vikundi vya vijana vililima mashamba kwa pamoja huku wapigaji ngoma wakiwaongoza. Mapigo yakiharakishwa, majembe nayo huharakishwa. Uwanjani jembe hilohilo hurushwa juu, huzungushwa na kudakwa bila kupoteza mdundo. Mtafiti Frank Gunderson alikusanya nyimbo nyingi za kazi za namna hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 2010.

Hata hivyo, plau za ng'ombe na matrekta yamepunguza kazi ya jembe la mkono hata katika mkoa huu wa pamba. Ngoma iliyozaliwa shambani sasa huonekana zaidi katika sherehe, kama vile Bulabo ya Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, mahali ambapo Padri David Clement alianzisha makumbusho ya Wasukuma.

Sherehe hizo zimesaidia kuihifadhi, lakini jukwaa lina kanuni zake. Kundi likipewa dakika chache mbele ya meza ya wageni rasmi, wakati mpinzani wake akisubiri zamu, mtazamaji hana pa kuhamia. Mavazi, nyimbo na majembe yatabaki, ila sababu iliyomfanya mchezaji aruke juu zaidi ya jirani yake itakuwa imeondolewa. Anayetaka kuihifadhi mbina hana budi kuhifadhi pia uwanja mpana, makundi mawili, na uhuru wa umati kuchagua.