Maisha yanapokuuliza, utajibu nini?

Ndugu msomaji, huenda leo umeimba kanisani, umetoa sadaka, na bado moyoni unajiuliza: Hivi ninaishi kwa ajili ya nini? Labda umestaafu na simu hailii tena. Labda umemzika aliyekuwa tegemeo lako. Labda wewe ni kijana, una shahada kwenye bahasha, na huu ni mwaka wa tatu unatafuta kazi. Kuuliza hivyo si dhambi.

Swali hilo liliitesa Ulaya baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Oktoba 1945, mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre alitoa mhadhara jijini Paris akatumia mfano wa kisu cha kukatia karatasi. Fundi hujua kwanza kisu kitafanya kazi gani, ndipo akitengeneze. Binadamu, alisema Sartre, si hivyo, kwa sababu hakuna Mungu aliyempangia kusudi. Anazaliwa kwanza, kisha anajitengenezea maana kwa maamuzi yake mwenyewe.

Sisi tunaomwamini Muumba hatuwezi kufuatana naye hadi hapo. Lakini tukiri kwamba kuna kweli aliyoigusa: hakuna awezaye kuishi maisha yako kwa niaba yako. Ni mara ngapi tumesema "ni mapenzi ya Mungu" kumbe ni woga wetu wa kuamua?

Hata hivyo, aliyevunjika moyo atapata wapi nguvu ya kujitungia maana? Hapa tumsikilize Viktor Frankl, daktari Myahudi wa magonjwa ya akili kutoka Vienna. Wanazi walimfunga katika kambi kadhaa, ikiwemo Auschwitz. Wazazi wake, ndugu yake na mkewe walifia kambini. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1946, anasimulia habari za wafungwa wawili waliokata tamaa ya kuishi kwa kuwa hawakutarajia tena chochote. Ikagundulika kwamba mmoja alikuwa na mtoto aliyemsubiri nchi ya mbali. Mwingine, mwanasayansi, alikuwa na vitabu ambavyo hakuna mwingine angeweza kuvimalizia. Hawakubuni maana yoyote. Waligundua kuwa kuna anayewangoja.

Je, si ndivyo ilivyokuwa kwa Eliya? Soma 1 Wafalme 19. Nabii aliyeshusha moto Karmeli anakaa chini ya mti jangwani na kuomba afe. Mungu hamkemei. Anamwacha alale, anamlisha, anamlisha tena. Kisha kule Horebu anamuuliza anafanya nini pale. Eliya anaeleza uchungu wake, naye Mungu anampa kazi: awatie mafuta Hazaeli na Yehu, na Elisha ashike nafasi yake. Aliyedhani amebaki peke yake aliambiwa kwamba kuna watu 7,000 waliobaki waaminifu.

Mpendwa, kama umechoka, kula kwanza, lala, na umweleze mtu unayemwamini. Si lazima leo ujue maana ya maisha yako yote. Jiulize tu: Nani ananingoja? Ni mjukuu anayehitaji kufundishwa kusoma? Ni jirani mgonjwa? Ni shamba lililoachwa nusu? Jibu swali hilo moja kwa mikono yako. Mungu aliyekuuliza atakuonyesha linalofuata.

Jumapili njema.